Maeliani wakishuka 1942, askari wa Keya anampiga nani?

Kuna kijana ana kibanda cha muvi hapa Kondele, Kisumu, zile za kukuwekea kwa flash unaenda kuangalia nyumbani, na juzi nikiwa pale aliniuliza swali ambalo limekaa kichwani mwangu wiki nzima. Alikuwa ameangalia stori ya maeliani wanashuka duniani katikati ya Vita vya Pili, Hitler bado yuko, Stalin yuko, Wajapani washachukua Singapore, halafu ghafla juu ya vichwa vya wote hao zinatokea meli za angani. Akaniambia, "Lakini brathe, si hapo vita inaisha? Kila mtu anageuza bunduki anawapiga hao wageni, stori imeisha."

Nikamwambia hapana, hapo ndio stori inaanza. Lakini wateja walikuwa wengi, nikaondoka bila kumwelezea vizuri, na ni kitu naipenda sana kwa hivyo wacha niielezee hapa pole pole.

Hizi ni stori mbili zimefungwa pamoja. Ya kwanza ni ile inaitwa historia mbadala. Unachukua mambo vile yalivyokuwa kweli, unatafuta njia panda moja, unapita ile barabara ambayo watu hawakupita, halafu unaifuata kwa uaminifu uone itakufikisha wapi. Mfano wa hapa kwetu: reli ilifika ziwani Desemba 1901, na mahali hapa palikuwa panaitwa Port Florence. Sema waliamua iishie Nakuru. Meli za ziwani hazingekuwa na mahali pa kushushia mizigo ipande treni, Wahindi wa maduka wangebaki huko juu, pamba ya Uganda ingetafuta njia nyingine, na pengine hapa nimekaa naandika ingekuwa kijiji cha wavuvi kama vingine tu. Umebadilisha kitu kimoja, lakini lazima ubebe kila kitu kinachokifuata. Huwezi kuiondoa reli halafu ubakishe mji.

Ya pili ni stori ya uvamizi kutoka anga za mbali. Ukizifunga pamoja, msomaji anakukubalia uongo mmoja mkubwa, mmoja tu, pale mwanzoni: wageni wamekuja. Baada ya hapo kila kitu lazima kiwe kweli. Stalin abaki Stalin, na Mwingereza abaki na koloni zake na tabia zake. Mafuta ya vifaru yatoke palepale yalipokuwa yanatoka, na treni ya Kisumu ipite Londiani na Muhoroni kama kawaida. Mwandishi akianza kuongeza uongo wa pili na wa tatu ndio asaidie mtu wake ashinde, mimi hapo naweka kitabu chini.

Sasa kwa nini waandishi wanaipenda sana 1942? Angalia huo mwaka ulivyokaa. Februari 15 Singapore inaanguka. Aprili 5, siku ya Pasaka, ndege za Wajapani zinapiga Colombo, na manowari za Waingereza zilizokuwa huko Ceylon, Sri Lanka ya leo, nyingi zinakimbilia wapi? Kilindini. Mombasa yetu hii. Hata wale wataalamu wa kusikiliza redio za Wajapani na kufungua siri zao walihamishwa wakaja kukaa kwa shule ya Allidina Visram, wanafunzi wakapisha, na kutoka hapo ukingoni mwa bahari wakawa wanasikiliza vita ya upande mwingine wa Bahari Hindi. Juni kuna mapigano ya Midway kule bahari ya Pasifiki, Wajapani wanapoteza meli nne kubwa za kubeba ndege. Juni hiyohiyo tarehe 21 mji wa Tobruk kule Libya unaangukia mikononi mwa Wajerumani na Waingereza wanarudi nyuma kuelekea Misri. Agosti Wajerumani wanafika Stalingrad. Yaani ukimuuliza mtu yeyote mwenye akili katikati ya 1942 nani atashinda hii vita, hana jibu. Mizani imelala sawa, na ukiweka unyoya upande mmoja inaenda.

Halafu kuna hii ingine ambayo watu wengi hawaioni. Mwaka huo viwanda vyote vya dunia tayari vilikuwa vimewashwa kwa vita. Warusi peke yao walikuwa washang'oa viwanda zaidi ya 1,500 wakavipakia kwa treni wakavipeleka mashariki Hitler asivifikie. Marekani ilikuwa inageuza viwanda vya magari kuwa vya ndege na vifaru. Maeliani wangekuja 1930 wangekuta majeshi yamelala na maghala matupu, kazi ingeisha kwa wiki mbili. Wangekuja mwisho wa 1945 wangekuta mtu ashalipua Hiroshima na anajua kutengeneza nyingine. 1942 ndio mahali pembamba pa katikati, mwanadamu ana misuli lakini bado hana lile bomu, na ni wembamba huo unaofanya stori iwe na pumzi.

Swali linalofuata ndio waandishi wavivu huliruka. Walijuaje kuja wakati huo? Watu husema, ah, walisikia habari za vita kwa redio zetu. Haiwezekani, na hesabu yake ni rahisi hata mtoto wa darasa la saba anaipiga. BBC ilianza kurusha picha za televisheni kutoka London Novemba 1936. Nyota iliyo karibu na sisi zaidi ukitoa jua, Proxima Centauri, iko umbali wa miaka 4.24 ya mwanga, yaani mwanga wenyewe, na mawimbi ya redio pia, huchukua miaka hiyo kufika, kwa hivyo hiyo picha ingefika kule mwanzo wa 1941. Hata wangeona siku hiyohiyo wakaruka siku hiyohiyo kwa kasi ya mwanga yenyewe, ambayo hakuna chombo kinaweza kuifikia, wangetua hapa 1945 vita ikiisha. Kwa moja ya kumi ya kasi ya mwanga, safari peke yake inakula zaidi ya miaka 40. Kwa hivyo wageni wa 1942 hawakuja kwa sababu ya vita yetu. Walianza safari kitambo, wakiwa na picha ya zamani ya dunia, na vita wakaikuta tu.

Harry Turtledove, Mmarekani aliyeanza kutoa mfululizo wake wa vitabu vya vita hii 1994, alilitatua vizuri sana hilo. Wageni wake walituma chombo cha kupeleleza miaka kama 800 kabla, kikapiga picha za wapanda farasi na mikuki, na kwa sababu wao wenyewe hubadilika pole pole mno wakajua watakuta mikuki hiyohiyo. Wakafika wakakuta vifaru na rada. Hilo kosa la kudhani mwenzako amesimama palepale ulipomwona mara ya mwisho ni kosa la kweli kabisa, na linatosha kubeba kitabu kizima.

Haya, wamefika. Wana nini?

Kitu cha kwanza, wako juu, na kukaa juu peke yake ni silaha. Chuma cha tani moja kikishuka kwa kasi ya kilomita 8 kwa sekunde kinagonga ardhi kwa nguvu ya karibu tani 7 na nusu za baruti ya TNT, na hakuna baruti ndani yake, ni uzito na kasi tu. Wakitaka daraja la reli, wanaangusha chuma. Wakitaka bwawa, wanaangusha chuma kikubwa zaidi. Wanaona kila meli inayotoka Kilindini na kila gari-moshi linalopanda Mau. Sisi huku chini bunduki kubwa kuliko zote haiwafikii.

Ukisikia hivyo unafikiria tumekwisha, lakini ngoja. Wengi wanajua bomu la nyuklia likilipuliwa juu sana angani linachoma vifaa vya elektroniki huko chini, kwa hivyo mwandishi anaandika wageni wamelipua moja na dunia nzima ikazima. Sasa kumbuka ni 1942. Transista ilitengenezwa Desemba 1947. Karibu redio zote za wakati huo zilikuwa na zile valvu za glasi, zile babu zetu walikuwa wanasubiri zipate moto ndio sauti itoke, na valvu inastahimili huo mshtuko mbali zaidi kuliko chipu ya simu yako. Kwa hivyo nyaya ndefu za simu na za stima zinaweza kuumia, ndio, lakini redio ya jeshi ina nafasi nzuri ya kuendelea kuongea. Ukale wetu unageuka ngao, na hii ni moja ya zile raha ambazo hizi stori zinakupa ukizisoma na akili imewaka.

Kisha spea. Gari ikikufia Londiani usiku unapiga simu Nakuru, asubuhi mtu anakuja na spea. Mgeni aliyetoka, tuseme, umbali wa miaka 12 ya mwanga, kifaru chake kikivunjika gia hapigii mtu simu. Ujumbe peke yake unachukua miaka 12 kufika kwao, na gia yenyewe miaka mingi zaidi. Kila kombora analorusha ni moja limetoka kwa idadi ambayo haiongezeki. Marekani 1944 pekee ilitengeneza ndege zaidi ya elfu 90. Ndege zetu ni mbovu, zinaanguka kama kumbikumbi, lakini kesho zinakuja zingine. Vita ya hivi haiamuliwi na siku ya kwanza, inaamuliwa na mwezi wa ishirini.

Na kuna lile bomu. Hapa nataka watu wa Afrika wakae makini manake hii sehemu ni yetu. Uranium nyingi iliyotumika kutengeneza mabomu ya kwanza ya Marekani ilitoka Shinkolobwe, Katanga, hapa Kongo. Mkubwa wa kampuni iliyokuwa inachimba, Edgar Sengier, alikuwa ashatuma zaidi ya tani elfu moja za mawe hayo New York tangu 1940, yakawa yamekaa tu kwa ghala kule Staten Island, bado jeshi halijayaulizia. Desemba 2, 1942 pale Chicago wanasayansi wakafanikiwa kuwasha tanuru la kwanza la nyuklia, chini ya viti vya uwanja wa michezo wa chuo. Mgeni aliye juu anaona nini? Ghala moja kati ya maelfu ya maghala, na uwanja wa mpira. Hawezi kulipiga kila ghala la dunia. Kwa hivyo njia ya mwanadamu kumuumiza mgeni inapita kwa jasho la wachimbaji wa Kongo ambao hakuna aliyewaambia wanachimba nini, na stori nyingi za hivi nilizosoma hazina hata sura moja inayowapitia wale watu. Mimi hiyo inaniuma.

Sasa turudi kwa swali la kijana wa Kondele. Si watu wataungana?

Kidogo wataungana, manake tumeona maajabu kuliko hayo. Hitler na Stalin waliokuwa wanatukanana miaka yote waliweka mkataba Agosti 1939 na wakagawana Poland. Miaka miwili haijaisha, Juni 1941, mmoja akamvamia mwenzake na askari zaidi ya milioni 3. Kwa hivyo Hitler na Stalin kukaa tena meza moja kwa sababu ya maeliani, inawezekana, lakini kila mmoja atakuwa anaangalia mkono wa mwenzake chini ya meza. Na watu ambao Hitler alikuwa anawaua huko Poland, Wayahudi waliofungiwa ndani ya kuta wakisubiri treni, ukiwaambia waungane na yeye kwa ajili ya dunia watakuuliza dunia gani. Kwao yule mgeni anayeangusha chuma juu ya Wajerumani anaweza kuonekana kama jibu la maombi. Mwandishi mwenye moyo anasimama hapo na haharakishi.

Lakini mimi naandika kutoka Kisumu na swali langu ni lingine. Kuna watu ambao 1942 tayari walikuwa wamevamiwa.

Hesabu ya mvamizi ni hii. Tuseme wageni wamekuja na meli mia moja na kila meli ina askari elfu moja. Hao ni laki moja. Siku ile ya Normandy 1944 walitua zaidi ya watu laki moja na nusu kwa siku moja, tena hapo ni kipande kimoja tu cha pwani ya Ufaransa. Dunia ya 1942 ilikuwa na watu zaidi ya bilioni 2. Laki moja haiwezi kulinda kila kijiji hata ikiwa na silaha za ajabu namna gani. Mvamizi mchache ana njia moja tu, apate wenyeji wa kumfanyia kazi. Anataka mkalimani na chifu, anataka mtu wa kuhesabu kodi, na askari anayejua njia za huko.

Na hii sisi huku Magharibi hatuhitaji kusoma kwa kitabu cha sayansi. Waingereza walipofika huku walikuwa wachache sana. Walikaa Mumias kwa Nabongo Mumia wa Wanga, wakapata hapo chakula na wapiganaji na watu wanaojua nchi, na kutoka hapo wakaenda kwa majirani. Wabukusu wakapigana nao 1895 pale Lumboka na Chetambe, ngome za udongo dhidi ya bunduki ya Maxim, na kati ya waliokuja kuwapiga weupe walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Wanandi wakasimama miaka kumi, tangu 1895 mpaka Oktoba 19, 1905, siku kiongozi wao Koitalel arap Samoei alipoitwa kuongea amani akapigwa risasi. Kabla wazungu hawajafika, Kimnyole, mtabiri wao na babake Koitalel, alikuwa ashawaambia Wanandi kuna nyoka anakuja kutoka ziwa la mashariki akitema moto na moshi. Sasa niambie, hiyo ni tofauti gani na stori ya maeliani? Wageni wenye silaha usizozielewa, chombo cha chuma kinapita kwa shamba lako, na baadhi ya jirani zako wanaona heri kukaa na mgeni kuliko kukaa na wewe.

Wala sio mimi nimeanza kuliona hilo. H. G. Wells 1898, kwenye kitabu chake cha watu wa Mars kuvamia Uingereza, The War of the Worlds, anataja wenyeji wa Tasmania pale mwanzoni kabisa, vile walivyofutwa na wahamiaji kutoka Ulaya kwa muda wa miaka hamsini, halafu anauliza kama sisi wenyewe tuko na huruma kiasi cha kuwalalamikia watu wa Mars. Kwa hivyo mbegu ya hizi stori tangu siku ya kwanza ilikuwa ni ukoloni umegeuzwa ukamrudia mwenyewe. Baadaye wengi wakachukua zile mashine na miale wakaacha lile swali.

Sasa mweke hapo askari wa Keya. Keya ndio King's African Rifles, jeshi la Mwingereza la askari Waafrika, vile wazee walivyolitamka, na wale wa kubeba na kujenga waliitwa Panyako. Wakenya karibu elfu 98 waliingia jeshini kwa vita ile. Wengine walimfukuza Mwitaliano Ethiopia mpaka Gondar Novemba 1941, 1942 wakatua Madagascar, na 1944 wakashuka bonde la Kabaw kule Burma kwenye mvua isiyokatika. Kwetu Vihiga kuna mzee wa ukoo wetu alienda hiyo Burma. Nyota yake ya shaba ilikuwa inakaa ndani ya kopo la Kimbo pamoja na sindano za nyanya na vifungo vya shati, ukitingisha inalia. Vita hakuwa anaipenda kuongea. Alikuwa anaongea tope na ruba, vile ruba wanaingia mpaka ndani ya kiatu na hausikii, unakuja kuona damu. Halafu akishanyamaza sana anasema, "Nilienda kupiga mtu ambaye hakuwa amenikosea."

Huyo mzee, umpeleke nyuma 1942, umwambie adui amebadilika, sio Mjapani tena, ni kiumbe kimetoka kwa nyota. Anabadilika nini kwake? Nyumbani babake anavaa kipande, kile kitambulisho cha lazima cha Mwafrika, shingoni ndani ya kikopo cha bati, hawezi kutafuta kazi Nakuru bila hicho. Kuna kodi ya nyumba na kodi ya kichwa. Mashamba mazuri ya kuanzia Nakuru kupanda juu ni ya wazungu peke yao. Na mgeni wa angani, kama ana akili, hatamwangushia chuma huyu. Atamtumia mtu amwambie kwa Kiswahili, sisi hatuna vita na wewe, tuna vita na huyo anayekulipa senti chache kuliko anazomlipa mzungu mnayeshika bunduki moja.

Usiseme hakuna ambaye angesikiliza. Aung San wa Burma aliingia nchini mwake na Wajapani 1942 akiamini watamtoa Mwingereza, akaona mkoloni mpya ni yuleyule tu amebadilisha nguo, na Machi 27, 1945 akawageukia na jeshi lake. Subhas Chandra Bose wa India alienda Berlin, kisha akaenda Tokyo, akitafuta yeyote mwenye bunduki dhidi ya London. Hao hawakuwa wajinga wala waovu, walikuwa wanapima mvamizi na mvamizi. Na huku kwetu Elijah Masinde wa Dini ya Msambwa miaka hiyohiyo ya 1940 alikuwa anawaambia Wabukusu wazungu warudi kwao. Mtu wa namna hiyo angemwambia nini mgeni wa kutoka mbinguni kweli? Mimi nadhani angemwambia na yeye arudi. Lakini jirani yake mwenye deni la kodi, sijui.

Kwa hivyo jibu langu kwa kijana ni hili: hakuna "watu wote" wa kuungana. Kuna wenye dunia na kuna waliokuwa wanashikiliwa ndani yake, na mgeni akitua anawakuta wote wawili. Stori nzuri ya maeliani na Vita vya Pili ni ile inayoweza kukuonyesha meza ya Churchill na pia kukuonyesha steji ya Luanda ya huku kwetu Vihiga, mama anauza ndizi anaulizwa na askari kama ameona taa angani, na anapima kwanza ni askari wa nani.

Kitu kimoja nigusie kabla sijasahau manake watu wa Nakuru watanidai. Mwisho wa kitabu cha Wells wavamizi wanakufa kwa vijidudu, na kuanzia hapo kila mtu anataka ugonjwa umalize vita. Kisayansi ni ngumu. Kijidudu cha hapa kimezoea miili ya hapa, na kiumbe ambacho hakina ukoo na chochote cha dunia hii kinaweza kuwa kama jiwe kwa malaria. Hivyohivyo kwa pareto, yale maua ya kutengeneza dawa ya wadudu. Kabla ya vita Japan ndio ilikuwa inaongoza kwa pareto duniani, vita vilipoikata Washirika wakategemea Kenya, maua ya Molo na Njoro, huko Nakuru, yakaenda kuua mbu na chawa mahali askari walikuwa wanalala. Ningependa sana kuandika maua meupe ya Molo yakiangusha wavamizi wenye miguu sita. Lakini pareto inafanya kazi kwa kuvuruga mishipa ya fahamu ya mdudu wa dunia hii, na yule mgeni sio mdudu wa dunia hii hata akifanana naye. Ingekuwa ule uongo wa pili. Naiacha.

Mimi hiyo stori ningeianzia hapa, gatini Kisumu, asubuhi. Miaka ya vita ndege kubwa za kutua majini zilikuwa zinashuka hapa ziwani, zinatoka Durban zinaelekea Cairo, wavulana wanazisubiri ufuoni. Siku hiyo inayotarajiwa haiji. Redio inakoroma tu. Simu ya reli kutoka Nakuru inasema kuna mwanga umekaa juu ya Menengai tangu saa tisa usiku na hausogei, halafu na yenyewe inakatika. DC, yule mkuu wa wilaya Mwingereza, anaita askari wa Keya wapange mstari, anawahutubia kwa kile Kiswahili chao cha kuamrisha, kwamba kuna adui mpya na kila mtu sasa ni ndugu. Siku tatu baadaye kitu kinatua kwenye tambarare ya Kano bila kupiga hata risasi. Mlango unafunguka, na wa kwanza kushuka sio wao. Ni mkalimani wao, mtu mweusi, anatembea pole pole mikono iko wazi kuelekea ule mstari wa bunduki. Askari mmoja wa pili kutoka mwisho anashusha bunduki kidogo manake ile mwendo anaijua, ni mtoto wa shangazi yake, na shingoni hana kipande.